Mole Moja, Gramu Mia na Themanini

Nyie, leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele za watu wazima wenye akili zao. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo makosa ya herufi mnisamehe. (Makosa mengine yote niachieni mwenyewe.)

Kwa wasionijua: mimi ni mama Pendo, mhudumu wa zahanati hapa Mpanda. Napiga deki, nabeba mabeseni, nawashika watoto wakati wa sindano. Nina watoto wawili na F moja. Watoto nawapenda. F ni ya kemia, na ndiyo inayonizuia kwenda kusomea unesi. Chuo wamesema nilete D. D tu! Basi mwaka huu nareseti mtihani, na kila Jumamosi tunasoma kwa mwalimu Festo, kwenye maabara ya sekondari tunayoazimwa.

Sasa huyu mwalimu Festo hana utani. Wiki iliyopita alitangaza kwamba tunaanza praktiko, maabara ni ndogo, sisi tumejaa. "Nitawapunguza," akasema. "Na asiyefanya praktiko, hiyo D ataisikia kwa jirani."

Jana akaweka kipindi cha ziada. Mimi nikawa zamu. Jioni nikamwandikia Zawadi, yule msusi ninayekaa naye dawati moja.

"Ticha kasema nini?"

"Kesho kila mtu aje na mole moja. Asiyekuwa nayo haingii praktiko."

Mole. Hilo neno nilikutana nalo kidato cha tatu, ila mada yake ilipita nikiwa nimelala na malaria. (Nilipopona sikuifuata ilikokwenda.) Nikafungua kamusi ya Kiingereza kwenye simu, nikaandika neno lenyewe. Kamusi bila aibu ikanijibu: fuko.

Fuko! Yule yule anayechimba chini kwa chini na kutafuna mihogo ya watu!

Msinione mjinga. Nilijiuliza, kemia na fuko wapi na wapi? Nikamrudia Zawadi, maana mimi si mtu wa kukurupuka.

"Mole ya nini?"

"Ya chochote kilichopo nyumbani."

"Hata nikiitoa shambani?"

"Popote. Mradi uipime ujue ina gramu ngapi."

"Kubwa au ndogo?"

"Mole ni mole mama Pendo, hazizidiani. Lala!"

Hazizidiani! Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikasema, kama baolojia wanapasua panya, kemia nao wameamua kupasua fuko. Nikalala.

Leo asubuhi nikapanda boda mpaka Magamba kwa mama mkwe. Nimemkuta anaota jua.

"Shikamoo mama. Naomba fuko."

"Marahaba. Fuko wa kula?"

"Wa shule."

Akaniangalia kuanzia kilemba mpaka ndala. "Shule gani hiyo?"

"Kemia, mama. Bila fuko siwi nesi."

Mama mkwe wangu hakusoma, lakini elimu anaiheshimu kuliko sisi tuliosoma. Hakuuliza tena. Akabeba jembe, tukaingia kwenye mihogo. Ukifukua njia ya fuko, fuko hapendi mwanga, lazima arudi kuiziba. Basi tukafukua, tukachuchumaa kimya, mkwe na mkwe, tunasubiri elimu itoke ardhini. Miguu ikafa ganzi. Udongo ulipoanza kutikisika, mama akamkatia njia kwa nyuma, jembe moja tu, paa! Mimi nikamfunika na ndoo.

"Mbona umemchukua mmoja?" akaniuliza. "Si uwapelekee wote? Wananimalizia mihogo."

Nikamwambia masharti ni mole moja. (Nilikuwa makini sana na masharti.)

Ikabaki gramu. Mizani ya dukani ni ya unga, gramu haizijui. Mpanda hii, anayezijua gramu ni mnunuzi wa dhahabu. Nikaenda kwake na ndoo yangu. Kijana akafurahi kuona ndoo nzima, akadhani nimebarikiwa. Nikamtoa fuko akiwa ndani ya soksi ya baba Pendo.

"Mama, hii dhahabu yako inapumua."

"Wewe pima, utoe uzito wa soksi."

Mia na themanini kamili. Nikaandika kwenye kiganja kwa peni, nikamrudisha fuko kwenye ndoo, nikafunga mfuniko, nikakimbia shule.

Nimefika nimechelewa. Wenzangu wote wametulia, kila mmoja mbele yake kamfuko ka nailoni kenye chumvi kidogo. Nikawahurumia. Nikajua hawa wamekosa fuko, wamekuja na kitu cha kuombea msamaha.

"Mama Pendo!" mwalimu Festo akaita. "Una mole?"

"Ninayo mwalimu."

"Gramu ngapi?"

Nikasoma kiganja. "Mia na themanini."

Mwalimu akasimama. Nyie, yule baba hasimami ovyo.

"Mia na themanini! Mnasikia? Nyie wote chumvi, chumvi, hamsini na nane nukta tano. Mwenzenu kaenda mbali! Kaboni sita, sabini na mbili. Haidrojeni kumi na mbili, kumi na mbili. Oksijeni sita, tisini na sita. Jumlisheni!"

"Mia na themanini!" darasa likaitikia.

"Glukosi hiyo! Umeitoa wapi mama Pendo?"

Mimi glukosi naijua, si tunawakorogea wagonjwa. Lakini mtu anaposifiwa hasahihishi. "Shambani mwalimu. Kwenye mihogo."

"Ahaa! Mihogo ina wanga, wanga ukivunjwa unatoa glukosi. Umeitoa mwenyewe?"

"Na mama mkwe. Kwa jembe."

Hapo alisita kidogo. Lakini sifa zilishanipanda kichwani, nikaiweka ndoo juu ya meza yake, nikafungua mfuniko kwa madaha, nikaiinamisha ili waone vizuri.

Jamani. Jamani!

Fuko akatoka na meno mbele. Akapita juu ya chumvi za watu, akaanguka chini, akaenda mbele, akaenda kinyumenyume, yule mnyama hana gia moja. Akakuta pindo la suruali ya mwalimu, akaling'ang'ania. Mwalimu Festo, mtu mzima, mzee wa kanisa, akaruka juu ya meza ya maabara na viatu vyake. Vigoda vikaanguka. Zawadi kapanda dirishani anapiga kelele: "Mole ya chumvi mama Pendo! Ya chumvi! Ya sukari!" Fuko akaachia suruali, akaingia chini ya kabati la kemikali.

Wote tukalitazama kabati.

"Mama Pendo," mwalimu akasema kutoka kule juu, taratibu. "Hii ni nini?"

"Mole, mwalimu."

Nyie, walicheka. Kuna baba mmoja polisi mstaafu, alilala chini kabisa anashika mbavu. Mimi machozi yakanitoka, siyo ya kucheka. Nikaona D yangu inaondoka, na unesi nyuma yake. Nikasema, "Mwalimu, usinitoe. Sikujua. Nataka kuwa nesi."

Kicheko kikapungua. Mwalimu hakushuka mezani, ila sauti ilishuka.

"Fuko wako ana gramu ngapi?"

"Mia na themanini."

"Tuseme wote wanalingana. Nikikupa fuko wenye jumla ya gramu mia tisa, nimekupa wangapi?"

"Watano."

"Umepataje?"

"Nimegawa mia tisa kwa mia na themanini."

"Sasa mtoe fuko kwenye hesabu. Molekuli ni ndogo, huwezi kuhesabu moja moja, tunazihesabu kwa rundo kama dazeni ya mayai. Rundo hilo ndilo mole. Rundo la glukosi lina gramu mia na themanini. La maji, kumi na nane. Nikikupa gramu tisini za maji?"

Nikafuta kamasi. "Mole tano."

Sijui ilitoka wapi. Miaka yote hiyo, kumbe ni kugawanya tu! Zawadi akapiga makofi akiwa bado dirishani. Mwalimu akasema naingia praktiko. Nikataka kumkumbatia, ila alikuwa mbali, kule juu.

Kuna sharti moja. Praktiko haianzi mpaka fuko atoke maabara, na aliyemleta ndiye atakayemtoa. Wenzangu wako nje wanakunywa soda na kuniita mama Mole. Mimi niko kifudifudi sakafuni, nimenyoosha kipande cha muhogo chini ya kabati, namsihi mnyama kwa heshima zote.

Msinicheke jamani. Niambieni tu haraka: fuko anapenda muhogo mbichi au wa kuchemsha?