Wiki Nzima kwa Neno Moja

Jumatatu, 3 Machi
Magoti yananisumbua. Kamati ya ukumbi imetangaza kwamba Alhamisi itakagua darasa langu la Kiingereza cha watu wazima na lile la Karani Mstaafu, chumba cha pili. Mwenye wanafunzi wachache afunge virago. Mimi ninao tisa, yeye wanane. Karani hufundisha barua za kuomba kazi. Juujuu tu, kama kupaka chokaa ukuta wenye ufa. Nina mkakati: wiki nzima, neno moja, board. Wakishaonja kina, nani atatoka?

Jumanne, 4 Machi
Nimeeleza kwamba zamani board ilikuwa ubao tu. Ubao ukatiwa miguu, ukawa meza. Msusi, mmoja wa wanafunzi wangu, akauliza barua ya kazi tutaandika lini, maana mwisho wa kuipeleka ni kesho. Nikamwomba avute subira, bado tuko kwenye mbao. Akatoka kunywa maji. Hakurudi. Kiu kubwa hiyo.

Jumatano, 5 Machi
Wamebaki wanne. Wengine nawasikia ng'ambo ya ukuta wakisoma barua zao kwa sauti. Nimefika kwenye chakula: aliyekaribishwa mezani alilishwa, ndiyo maana chakula cha mpangaji nacho ni board. Dereva akasema, "Mzee wangu, tumeshiba." Nimelipokea kama shukrani.

Alhamisi, 6 Machi
Kamati imekuja. Ndani nilikuwa na Seremala peke yake, aliyenogewa na habari za mbao. Mwenyekiti, mama mpole, akaniamkia, kisha akauliza, "Mwalimu, wenzake huyu wako wapi?"

Nikaiona nafasi. Nikawaeleza kwamba hata wao ni board, kwa sababu wakubwa wa zamani waliizunguka meza kuamua mambo. Nikaongeza ubavu wa meli, ambao nao ni board, na abiria wake, ambao husemwa wako on board. Dakika arobaini, wamesimama. Mjumbe mmoja alisinzia wima.

Chumba changu kapewa Karani.

Ijumaa, 7 Machi
Msusi ameitwa kwenye usaili. Mke wangu kaniambia taratibu, "Baba, watu walitaka kazi, wewe ukawapa ubao."

Nimelitafakari kosa langu bila hasira. Nimeliona: wiki moja haikutosha. Jumatatu naanza neno set, hapa sebuleni. Lina maana mamia. Miezi mitatu, tukienda mbio.

Mke wangu anakunja nguo zake na kuzitia kwenye begi. Anasema dada yake amemkumbuka sana.