Kadi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa idara ya maji ametangaza leo asubuhi: atakayekuwa na utabiri kamili wa mafuriko kwenye mkutano wa Ijumaa ndiye atakayeongoza kitengo. Tuko wawili. Mimi, na mwenzangu wa dawati la dirishani, ambaye moyoni namwita Jongoo kwa mwendo wake. Miaka yote tunabanana chumba kimoja. Kiongozi hupewa chake.

Jioni nimempigia mama mkwe kumwambia cheo nimepata. Anakuja Jumapili kunipongeza. Ulimi hauna mfupa.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ninayo! Ramani ya mto tumeigawa vimraba vidogo, na kwa kila kimraba kompyuta hukokotoa kina cha maji, hatua baada ya hatua. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ni fundi bingwa, ila huviendea vichache vichache. Kadi ya michoro, ile ya michezo ya video, ni umati wa vibarua. Hawajui mengi, lakini wote huinua jembe kwa pamoja.

Kaka wa mke wangu anayo kubwa. Huitumia kupigana na mazimwi. Kaniuliza kama nimewahi kufungua hata redio. Nikamkumbusha ni nani aliyemtetea kwa dada yake siku alipounguza pazia. Kaitoa akinuna. Lazima irudi Jumamosi, ana mashindano.

Jumatano, 5 Machi

Kadi ni ndefu kuliko kasha la kompyuta ya ofisi. Nimeng'oa ubavu mmoja. Nikawasha. Ghorofa nzima ikazimika. Mkuu alikuwa ndani ya lifti. Fundi umeme alitafuta chanzo kila kona, nami nikamsaidia kutafuta.

Mchana nikahamia soketi ya birika la chai. Imekubali! Inatoa joto kama tanuri. Mhasibu kaja na mwavuli uliolowa, kauanika mbele ya feni, kaondoka bila hata salamu. Jongoo kauliza, bila kuinua macho, kama mandazi pia yanapatikana.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba. Kadi inakwenda polepole kuliko prosesa kuukuu. Sielewi. Uangalifu nimeuweka wote: kila hatua ikiisha, namba zote nazirudisha kwa prosesa, nazikagua kwa macho yangu, kisha nazipeleka tena kwenye kadi. Kitu kilichozoea mazimwi huwezi kukiachia mto.

Jongoo kapita na kikombe chake, akasimama. Kasema vibarua wangu wanashinda njiani, kulima hawalimi. Kaka, akaniambia, ziache namba huko huko kwenye kadi mpaka mwisho, ukague mara moja. Prosesa iachie kusoma vipimo vya mvua na kutoa amri. Nimemshukuru kwa adabu.

Mtego wa wazi kabisa! Nimeongeza ukaguzi mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Kabla ya mkutano Jongoo kaniomba kadi kidogo. Nikampa kwa moyo mkunjufu: itamchelewesha kama ilivyonichelewesha. Nikaenda kupima dirisha la chumba cha kiongozi, kwa ajili ya pazia. Niliporudi alikuwa amemaliza na anakunywa chai.

Mkutanoni kaeleza kuwa maji yatafika mtaa wa bondeni Jumapili, wenye maduka wapandishe bidhaa, watu wazungukie barabara ya juu. Hesabu za utabiri wangu zilikuwa zimefikia siku ya jana tu. Nilimweleza mkuu kuwa kuhusu jana uko sahihi kabisa.

Jongoo ndiye kiongozi. Kaniomba vipimo vya dirisha. Nimempa. Nimechoka.

Jumapili, 9 Machi

Maji yamefika bondeni kama alivyosema. Mama mkwe kachelewa, kazungukia barabara ya juu. Kaingia akimwombea dua kiongozi wa kitengo aliyewatahadharisha watu redioni; bila yeye, angekuwa mtaroni na viatu vyake vipya. Kisha kanishika kichwa, kanibariki mimi. Nikasema ni wajibu wangu, mama. Shemeji alipaliwa na chai. Mke wangu alinitazama kama anayesoma bili ya umeme.

Nimewaza jioni nzima na tatizo nimeliona. Kadi ilikuwa moja! Rafiki wa shemeji anazo tatu. Zote tatu, na kila nusu hatua namba zirudi kwangu nizikague. Mwezi ujao kuna utabiri wa bwawa, na mkuu bado hajasema nani ataufanya.

Fundi umeme anakuja Jumanne saa mbili asubuhi kuongeza soketi. Nimemwambia ni za birika.