Sindano Iliyokubali Posa ya Binti Yangu

Kariakoo, karibu na Soko,
Novemba 1933

Kwa Mheshimiwa Bwana Daktari wa Meno,

Nakuandikia kwa heshima zote, na mdomo wangu ukiwa umerudi mahali pake, jambo ambalo Jumatano iliyopita nisingeweza kulisema. Mimi ni yule muuza kanga uliyemng'oa gego la chini, upande wa kushoto. Jino lilitoka vizuri, sina neno nalo. Malalamiko yangu ni juu ya sindano ya ganzi uliyonipiga kule nyuma ya taya. Ulisema itakufa ganzi midomo na ncha ya ulimi basi. Bwana Daktari, ilikufa nusu nzima ya uso, kuanzia kidevuni hadi kwenye nyusi, na ikatenda haya yafuatayo bila idhini yangu.

1. Nilipofika dukani niliagiza kahawa. Nusu iliingia tumboni, nusu kwenye kanzu, na kashata niliyokuwa nikiitafuna kwa raha nikagundua ni mdomo wangu mwenyewe. Hili nimekusamehe.

2. Jicho la kushoto lilikataa kufumba. La kulia likawa linafumba na kufumbua peke yake, na hapa Kariakoo mwanamume anayefumba jicho moja mbele ya wanawake ana jina lake. Bi Sitara, mjane wa watu, alikuja kutazama kanga akaona namkonyeza. Nilipojaribu kujieleza ulitoka udenda. Aliondoka bila kanga akaenda moja kwa moja kwa mke wangu, Zeina. Tangu siku hiyo nalala barazani, na mbu wa Jangwani wameshapata habari.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Alasiri ile ile walikuja wajumbe wa posa. Kijana mmoja, Sadalla, anayekaanga samaki kule Feri, anamtaka binti yangu Thuraya. Kijana anasali, ana adabu, simsingizii; lakini ananuka changu tangu kona ya mtaa, nami nauza nguo. Wiki nzima nilikuwa nikijifunza maneno ya kumkatalia kwa upole, hata Zeina ameyahifadhi kwa kuyasikia.

Mjomba wa Sadalla, Mzee Mbaruku, alisema yake kisha akanitazama. Nikafungua kinywa, halikutoka neno. Jicho lisilofumba likaanza kutiririsha machozi, na upande wa pili wa mdomo ukapanda juu, Bwana Daktari, ukatabasamu. Kwetu sisi, baba anayelia huku anatabasamu ameshajibu. Mzee Mbaruku akainua mikono, ikasomwa Fatiha, na nyuma ya pazia shangazi zake Thuraya wakapiga vigelegele kabla sijameza mate. Kuvunja posa iliyokwisha kusomewa Fatiha ni aibu ya kwenda nayo kaburini.

4. Basi nimelifikiri jambo hili kisheria. Siku ile mdomo wangu ulikuwa umetiwa dawa na mtu mwenye leseni ya Serikali, nao ukafanya kazi bila mimi. Kwa hiyo aliyeikubali posa ni Serikali. Na kama ni hivyo, Serikali ndiyo walii wa kumwoza Thuraya, na itafute pa kumweka mkwe wake. Mimi napendekeza jumba la Gavana, ambako nasikia kuna upepo mzuri wa kuondoa harufu. Tena nchi yetu imewekwa chini ya Ligi ya Mataifa. Nisipojibiwa nitalipeleka shauri Geneva, mataifa yakae yaamue ni nani aliyetabasamu.

Ninachoomba ni cheti chenye mhuri, kisemacho kwamba tabasamu la Jumatano lilikuwa la dawa, nikakionyeshe Feri. Sina binti mwingine, Bwana Daktari. Akiondoka huyu, nyumba itakuwa kimya mno.

Nisalimie mama watoto, na yule msaidizi aliyenishika kichwa, na hata yule mgonjwa aliyepiga kelele kabla yangu, natumaini hajaposwa.

Ni mimi, mlalamikaji wako mwenye adabu,
Hamud bin Salem

Baada ya sahihi: Nilimsomea Zeina barua hii kupitia dirishani, nikitumaini kurudishwa ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza sindano ilipigwa upande gani. Nikamjibu kushoto. Akauliza, upande uliokufa ganzi unawezaje kutabasamu? Nimekaa hapa barazani nikilifikiri swali hilo mpaka kahawa imepoa. Uliotabasamu ni upande wa kulia, ule mzima. Na kulia kwangu ndiko lilikokuwa pazia, nami kwenye upenyo wake niliuona uso wa Thuraya uking'aa lilipotajwa jina la kijana. Cheti usikiandike. Harusi ni kabla ya mwezi wa mfungo, uje na mkeo. Samaki atawakaanga mkwe wangu mwenyewe. Mimi nitatafuna kwa upande ule ule mzima.