Nilivyofungiwa Zizini Siku ya Usaili

Leo nimeumbuka. Niko intaneti kafe hapa Bariadi, suruali imechanika gotini, nawaandikia kabla hamjasikia kwa watu.

Asubuhi nilikuwa na usaili Nyalikungu, kwenye shule mpya ya Kiingereza ya mzee mmoja mnunuzi wa pamba. (Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, kila aliyepata lori anafungua shule.) Usaili wenyewe ni kufundisha kipindi kimoja, mzee atapita kutazama. Kazi hii niliitaka mno. Nimechoka kufundisha tuisheni barazani kwa shangazi.

Nikapewa darasa la nne, somo ni "fence in". Nikaeleza: kuzungushia kitu uzio kisitoke, kama ng'ombe zizini. Wananitazama tu. Nikajisemea, hawa ni watoto wa wafugaji, waoneshwe. Jirani na shule kuna zizi la ndama, uzio wa miiba. Mama mwenye zizi akaturuhusu, akaenda zake kisimani.

Nikaingia mwenyewe, na tai yangu shingoni. Nikawaamuru: "Now, fence me in." (Shetani alinipitia.)

Watoto hawa wanafunga mazizi tangu wajue kutembea. Wakaburuta tawi zima la mgunga, wakaziba nalo mlango kama wanavyofunga kwao: shina nje, miiba ndani. Anayefungua huvuta shina akiwa nje. Wa ndani ni ndama, na ndama hafungui.

Nikawasifu. Kengele ya uji ikalia, wakatoka mbio wote.

Niliita wee, hakuna aliyesikia. Nikajaribu kuruka, goti la suruali likabaki kwenye miiba. Ndama mmoja akaanza kutafuna tai. Nikivuta, naye anavuta. Ndipo mzee akatokea, akanisalimia Kisukuma.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, mzee."

"Wanafunzi wako wapi?"

"Wanakunywa uji."

"Na wewe?"

"Nafundisha."

Akamwita binti mmoja wa darasa lile, ana kikombe mkononi, akamuuliza wamefanya nini leo. Binti hakusita: "We fenced in the teacher." Kiingereza kimenyooka kabisa. Nilifurahi, nikadhani nimepona.

Mzee akavuta shina, nikatoka na mate ya ndama kifuani. "Somo wamelielewa," akasema. "Ila mimi natafuta mwalimu wa kukaa na watoto. Wewe nimekukuta unakaa na ndama."

Kazi kapewa mwenzangu tuliyesailiwa naye, aliyeandika ubaoni, akasoma, akakaa. Inaniuma jamani. Ubao ulikuwepo, chaki zilikuwepo, nani alinituma kwenye zizi la watu?

Sasa hivi mama kapiga simu kutoka Ipililo. "Ng'wanone, mwanangu, wamekuchukua?" Nimemwambia bado wanafikiria. Kesho ni gulio, baadhi yenu mtakutana naye. Nawaomba msicheke mbele yake. Atajua.