Vifaranga Weusi wa Jogoo wa Mistari

Jumatatu, 3 Machi
Mayai yameanguliwa. Vifaranga kumi na mmoja. Weusi tititi. Kila mmoja ana doa jeupe utosini, kama aliyedondoshewa chokaa. Nimekaa juu ya ndoo, nawatazama. Jogoo wangu ana mistari myeupe na myeusi tangu shingoni hadi mkiani. Mitetea wake wawili vivyo hivyo. Hawa wametoka wapi?

Nilimwahidi mke wangu kuku wa mistari. Amenikumbusha kwamba banda hili lilikuwa chumba chake cha kufulia, na kwamba Aprili ikianza bila kuku wadogo wa mistari, atakichukua. Nimemwambia mayai yote yalikuwa viza.

Jumanne, 4 Machi
Mpango umetimia. Nimewapeleka vifaranga kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndani ya boksi la viatu. Ni fundi cherehani, na kuku wake wote wana rangi ya vumbi. Nimemwambia ni zawadi. Undugu ni kufaana, si kufanana. Aliniuliza kama nina homa. Kisha akawapokea, nami nikamwapisha asimwambie dada yake. Nimerudi mwepesi. Aibu sasa ni yake.

Jumapili, 30 Machi
Siamini. Nilikwenda kwa shemeji kupimwa suruali. Uani kwake wanazurura kuku wadogo kumi na mmoja wa mistari. Mistari iliyonyooka, kama ya daftari! Nikatafuta pa kukaa, nikakalia pasi. Ilikuwa ya moto.

Nilipoinuka, nilimuuliza amewanunua kwa nani. Akasema ni wale wale wa boksi la viatu, na kwamba tangu azaliwe hajaona baba anayewasahau wanawe upesi hivyo. Nimerudi bila kupimwa. Chakula cha jioni nimekila nimesimama.

Jumatatu, 31 Machi
Nimemwona daktari wa mifugo. Anasema kuku wa aina hii huzaliwa weusi, doa la utosini ndilo alama yao, na mistari huja pamoja na manyoya. Eti kila mfugaji analijua hilo. Nimeshangaa mtu msomi kusema hivyo. Yeye mwenyewe hafugi hata njiwa.

Niliwaona kwa macho yangu. Walitoka kwangu weusi, wakapata mistari kwa shemeji. Basi siri imo katika chakula chake.

Jumatano, 2 Aprili
Nimemuuliza shemeji anawalisha nini. Alikata uzi kwa meno, akanitazama, akasema siri kama hiyo haitolewi kwa salamu. Nimechungulia gunia lake. Pumba. Lakini pumba yenye wekundu fulani.

Nyumbani nimemkuta mke wangu akilipima banda kwa kamba: beseni hapa, waya wa nguo pale. Nimeomba siku mbili. Amesema mbili, si tatu.

Ijumaa, 4 Aprili
Nimefaulu. Shemeji alikataa katakata, kisha akalainika, akasema ni kwa ajili ya dada yake tu. Amenipa magunia mawili, yamejaa hadi mdomoni. Nami nimempa jogoo na mitetea wote wawili. Alinikumbatia. Hajawahi kunikumbatia, hata siku nilipomwoa dada yake.

Mke wangu amesikia yote kwa kaka yake, pamoja na ukweli kuhusu mayai viza. Alibeba beseni la mashuka. Halafu akauliza kama naye nitamrudisha kwa kaka yake ndani ya boksi la viatu, au atafute la kwake. Sasa ametundika mashuka bandani.

Atajuta. Magunia nimeyaficha chini ya kitanda, na siri ya mistari ni yangu peke yangu. Kinachokosekana ni kuku tu.