Njia ya Baiskeli Niliyoichora Nikiwa Nimekaa

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeingia katika historia ya Rwanda. Kitabu chenyewe bado hakijaandikwa, lakini nimo. Nchi nzima inajisifia vilima elfu, na hakuna aliyewahi kuuliza vinateremkwa vipi. Mpaka leo. Na aliyeulizwa ni mimi, Evariste Nzabonimpa.

Bwana Ruzindana, kiongozi wa klabu ya baiskeli za milimani kutoka Kigali, alikuja kijijini kutafuta mtu anayekijua kilima cha Gasharu kama anavyoujua ua wa nyumba yake. Nilisimama kabla hajamaliza. Nikamweleza kwamba ujanani niliteremka Gasharu na magunia mawili ya kahawa, bila breki, huku nakula muhogo. Akaandika. Hata muhogo akauandika.

Tukaenda baa. Nikachora njia nyuma ya kalenda. Kutoka kiwanda cha kuoshea kahawa hadi kileleni, kisha kutoka kileleni moja kwa moja hadi Ziwa Kivu. Mstari umenyooka kama uzi uliovutwa. Ruzindana aliutazama, akasema hajawahi kuona mteremko wa kishujaa namna hii. Nikamwambia shujaa ni mchoraji.

Njia inafunguliwa Jumapili. Kitasimikwa kibao: NJIA YA NZABONIMPA. Atakayetangulia ni Vestine, binti wa marehemu kaka yangu. Anaishi Kigali na klabuni hakuna anayemfikia kwa kasi. Damu yetu hiyo.

Jumanne, 4 Juni

Gasimba, fundi baiskeli, ana wivu. Alianza zamani. Yeye alifika darasa la sita, mimi niliacha la nne kwa sababu nilikuwa nimeshayajua yote. Leo kaacha gurudumu la mtu likiwa limening'inia, akaniuliza njia yangu inapita wapi upande wa ziwani. Nikasema inapita palepale. Akasema vizuri, basi nitakuwa nimeizungusha pembeni kwenye mikaratusi, maana pale katikati kuna matuta yetu. Nikasema naam, matuta yetu.

Matuta gani?

Nikapanda baada ya kula. Polepole, kama mtu anayetembea tu. Nikafika kileleni, nikachungulia.

Mungu wangu.

Upande ule niliuacha ukiwa nyasi tupu, mteremko laini ambao hata mtoto angeserereka. Niliuacha lini? Miaka minane. Katika miaka hiyo, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kijiji kizima kilikuwa kinatoka na majembe kwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya lazima. Mimi Jumamosi hizo mgongo ulikuwa unauma. Jina langu kwenye orodha ya waliohudhuria lipo kila mwezi, maana mwenye orodha ni shemeji yangu. Lakini mgongo ulikuwa unauma.

Wamekikata kilima kuwa ngazi za majitu. Nimehesabu kumi na mbili. Kila moja inaishia kwenye ukuta wa udongo mrefu kuliko mke wangu Konsolata akiwa na kikapu kichwani. Na kutoka juu huzioni! Unaona majani ya viazi tu, yameshikana, kijani kitupu, unadhani ni uwanja. Unapiga hatua ya ishirini ndipo unagundua mbele yako hakuna ardhi.

Mstari wangu unapita katikati ya zote kumi na mbili. Na Vestine huteremka bila kugusa breki.

Nikakaa chini. Jua la saa tisa, na miguu yangu baridi kama samaki.

Nikisema, kijiji kitajua sikushika jembe miaka minane. Shemeji ataiacha ile kazi ya orodha kwa aibu au kwa kufukuzwa. Kibao kwaheri. Nisiposema, Vestine. Sentensi hiyo siimalizi.

Jumatano, 5 Juni

Sikulala vizuri, lakini akili imefanya kazi. Mpango: safari iahirishwe yenyewe, bila mimi kufungua mdomo.

Nimemwambia mwenye baa, kwa siri, kwamba Gasharu kumeonekana chui. Nimempa na ukubwa wake. Nilijua kwa siri ile, kufikia saa sita Kigali watakuwa wameshasikia.

Wamesikia saa nne. Ruzindana kapiga simu, sauti inacheka, anauliza kama ni kweli. Nikasema kweli kabisa, ana watoto wawili. Akanishukuru. Jioni Vestine kanipigia kunieleza kwamba waendeshaji waliojiandikisha walikuwa tisa, sasa wamekuwa ishirini na watatu. Wengine wanakuja na kamera.

Nikamuuliza kama hawatakuja mapema kuijaribu njia kwanza. Akasema walitaka, ila Ruzindana kakataa. Kawaambia maelezo yangu yametosha, mtu aliyeteremka na magunia hana haja ya kukaguliwa.

Ishirini na watatu. 

Alhamisi, 6 Juni

Vestine kaja mwenyewe leo, kabla ya wenzake, ili alale kwetu. Konsolata kampikia isombe ya majani ya muhogo na ndizi. Mimi nilikula kijiko kimoja. Konsolata akaniuliza kama naumwa. Nikasema nawaza mambo ya taifa.

Mpango wa pili ulikuwa baiskeli. Nikamtuma Vestine kwa Gasimba ikaguliwe, nami nikatangulia kwa njia ya mkato nikamwomba Gasimba, kiume, aikatae. Aseme fremu ina ufa. Gasimba akanitazama, akaniuliza kwa nini. Nikasema sababu za kiufundi. Akasema baiskeli ile ni ya thamani kuliko nyumba yake, na akisema ina ufa atachekwa mpaka ng'ambo ya ziwa. Vestine alipofika, Gasimba akazungusha magurudumu, akaipigia baiskeli mluzi, akamwambia hii haina hata kilema kimoja.

Basi nikajaribu moyo wake. Nikamwambia nimeota marehemu baba yake amesimama kileleni, anatikisa kichwa. Sikuota kitu. Mungu anisamehe, na kaka anisamehe.

Vestine alikuwa anapaka mnyororo mafuta. Hakuinua kichwa.

"Baba mdogo, kila mteremko naogopa. Wenzangu hawajui. Huu siuogopi, kwa sababu umeupita wewe."

Nikatoka nje kwenda kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa tatu ndio wa kitaalamu. Nisiseme neno, niihamishe njia! Alfajiri nikabeba vijiti thelathini na kitenge chekundu cha Konsolata nilichokichana vipande. Nivichomeke kuanzia kileleni, kuelekea kwenye mikaratusi pembeni. Waendeshaji wafuate bendera. Nani atakumbuka kalenda?

Kileleni upepo. Nikachomeka cha kwanza. Cha pili. Kufikia cha tano nikawa ukingoni mwa tuta la juu, nikatazama chini, na ziwa likaanza kupanda kuja usoni kwangu. Nikalala kifudifudi nikishika majani ya viazi kwa mikono miwili. Vijiti vilivyobaki nilivichomeka nikiwa nimelala. Vilifika mwanzo wa mikaratusi. 

Ndipo mtu akaniuliza kutoka juu yangu natafuta nini kwenye viazi vyake. Nyiramana, mjane mwenye shamba la tuta la kwanza na la pili. Ana jembe. Nikamwambia mimi ndiye mwenye njia. Akasema shambani hanijui. Nikamkumbusha tulivyochimba pamoja matuta haya, jua linawaka. Akanitazama kama anayetafuta ukungu kwenye mkate.

"Mimi sikukosa hata Jumamosi moja. Wewe sikukuona."

Nikasema nilikuwa kundi la chini. Akasema kundi la chini lilikuwa la wanawake wenye watoto mgongoni.

Nikashuka mbio. Upande wa kijijini.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi nikatazama kwa mbali, kutoka shuleni. Bendera hakuna. Hata moja!

Nikamkuta Nyiramana sokoni, nikamuuliza kwa upole. Akanishukuru. Maharage yake yalikuwa yanalala chini kwa kukosa miti ya kupandia, na jana, nilipokimbia, kakuta vijiti thelathini vizuri vimechongwa. Vyote kavihamishia kwenye maharage, nyuma ya nyumba yake. Vitambaa kavifunga hukohuko kufukuzia ndege.

Saa nane magari ya Kigali yakaingia. Vijana wenye kofia ngumu na miwani ya rangi. Ruzindana akanisimamisha mbele yao, akasema huyu ndiye mzee wa magunia. Wakapiga makofi. Vestine alipiga kuliko wote.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilishafungua mdomo. Kikatoka hiki: kwamba Gasharu si kilima cha waoga, na anayegusa breki arudi mjini kuendesha sebuleni. Wakapiga makofi tena.

 

Jumapili, 9 Juni

Naandika nikiwa kitandani. Nieleze kwa mpangilio.

Baada ya misa wote tukapanda kileleni. Kijiji kizima pia, na mzee wa umudugudu, mkuu wa kijiji chetu, na kofia yake. Nikapewa filimbi. Ishirini na watatu wakajipanga hatua hamsini nyuma ya ukingo, ili washike kasi. Vestine mbele. Akanipungia mkono, akavuta pumzi tatu. Anaogopa, nikaona.

Nilitakiwa nipige filimbi. Sikuipiga. Ruzindana akadhani imeharibika, akapiga makofi mawili badala yake, na Vestine akaondoka, wenzake wakimfuata.

Hatua hamsini. Kwa baiskeli ile si kitu. Nikasimama katikati ya njia. Nikainua mikono. Nikajitupa chini mbele ya magurudumu, kama askari anayejitupa juu ya bomu! Breki zikalia. Gurudumu lake likasimama shavuni kwangu, nikasikia harufu ya mpira.

Nyuma wakaangukiana. Ruzindana akaja mbio akiuliza kuna nini. Nikasema chui. Kila mtu akatazama. Hakukuwa na chui. Vestine akatabasamu, akaniomba nihame, akaweka mguu kwenye pedali.

"Sijawahi kupita hapa," nikasema. "Vestine, huko mbele pamekatika. Mimi sikuja kuchimba hata siku moja."

  Nyiramana akasema aha.

Vestine akashuka kwenye baiskeli, akatembea hadi ukingoni, akatazama chini.  Aliporudi midomo ilikuwa myeupe. Hakunitukana. Aliniondolea jani la viazi kwenye nywele, akaenda kusimama upande wa pili, peke yake.

Gasimba ndiye aliyewaongoza kwa kupitia mikaratusi. Wote wakafika ziwani, wazima. Vestine alikuwa wa mwisho, na breki zake nilizisikia mpaka chini.

Jumatano, 12 Juni

Kibao kimesimikwa. NJIA YA GASIMBA. Herufi mbaya sana.

Mzee wa umudugudu kaamua nichimbe mtaro wa tuta la kwanza hadi la kumi na mbili, kila Jumamosi, mpaka uishe. Shemeji atakuwa nami na jembe lake. Hanisemeshi. Vestine kapiga simu jana, kasema neno moja tu kabla ya kukata: kwamba Jumapili ijayo atakuja kula kwetu. Konsolata kasema ni mimi nitakayepika.

Lakini dunia haikosi watu wenye macho. Leo asubuhi kaja bwana kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto, wanataka na wao njia ya baiskeli. Kasikia kuna mtu Gasharu aliyejitupa mbele ya baiskeli ishirini na tatu kuokoa watu. Nikamwambia umemfikia. Kilima chao nakijua vizuri, nilikipita mara moja, ndani ya lori, nimelala. Nimeshamchorea. Mstari umenyooka.

Na kwa kuwa daftari hili halisomi mtu ila mimi, niandike kitu kimoja. Juu ya kule kujitupa. Sikujitupa. Nilikuwa nimegeuka nikimbie, magoti yakakataa.