Pamba ya Safari ya Kalemie

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba 2024. Mjini Baraka, kando ya ziwa.

Nina miaka sabini na saba na moyo unaopiga pale unapotaka. Tania, muuguzi wangu, ameniagiza nisipande milima wala nisipandwe na hasira. Basi naanza daftari hili. Nikifa, mke wangu Dorothée alisome. Tutatimiza miaka hamsini ya ndoa mwezi huu, na kuna jambo asilolijua.

Sijawahi kupanda chombo cha majini. Hata mtumbwi. Wala ndege. Naogopa maji kuliko kifo, na kifo nimekizoea, maana Tania hukitaja kila Alhamisi.

Mwaka 1974 baba yake Dorothée, mvuvi wa Swima, alisema binti yake haolewi na mtu anayeogopa maji. Nikamwambia nimelizunguka ziwa lote kwa meli: Kigoma, Mpulungu, Kalemie. Nilimweleza kila bandari. Nilizisoma kwenye ramani ya shule. Akanipa binti. Kisha nikafundisha jiografia miaka thelathini na sita, na kila mwaka ile meli iliongezeka ukubwa.

Nitamwambia. Wiki hii hii.

Jumatano, tarehe 10.

Sikumwambia. Habari mbaya. Parokia itawapeleka wazee wa jubilei ya dhahabu Kalemie kwa meli. Mabwana saba na wake zao, siku nne, kula na kulala juu ya parokia. Baada ya misa Mama Gentille wa kamati alisimama akasema tuna bahati, kati yetu yumo mtu aliyelizunguka ziwa zima, basi Mwalimu Fabien ndiye atakayewaandaa wasafiri. Makofi. Dorothée alipiga makofi kuliko wote.

Nyuma yangu Bonaventure alikohoa. Alikuwa makanika wa maboti miaka ishirini na miwili. Hakumaliza shule ya msingi, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza kitu.

Alhamisi, tarehe 11.

Mpango wa kwanza: cheti cha ugonjwa. Nilimwomba Tania aandike kwamba mgonjwa huyu asisogee majini. Alinisikiliza kifua muda mrefu. Nikakohoa kidogo kumsaidia. Akasema upepo wa ziwa utanifaa, niende, ila vidonge nivitie mfukoni, nisivifungie kwenye mzigo.

Shauri zuri. Nitawaambia ni langu.

Jumapili, tarehe 14.

Mpango wa pili: kuwatisha mpaka waiahirishe wenyewe. Mkutano wa maandalizi ulijaa. Nikawasomea orodha yangu polepole. Koti zito la baridi. Tochi mbili. Filimbi ya kuomba msaada, ivaliwe shingoni. Jina na kijiji cha asili vishonwe ndani ya nguo, ili tukiokotwa tujulikane.

Nikakunja karatasi. Nikafurahi.

Suzanne, mke wa Bonaventure, akauliza kama filimbi ziwe za rangi moja, zipendeze kwenye picha. Hapo mkutano ukanitoka mikononi. Nusu saa nzima ilikuwa ni sare ya kitenge: cha njano au cha bluu, na bamama washone mikono mirefu au mifupi. Hakuna aliyeogopa. Mmoja alisema hii ya kuokotwa ameipenda sana.

Ndipo Bonaventure akainua kidole. "Na kutapika, Mwalimu? Mutu atafanya nini?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema: pamba masikioni. Sijui ilitoka wapi. Nadhani niliiona mezani kwa Tania. Nikaeleza kisayansi kwamba ugonjwa wa meli huingilia sikioni, ukiziba sikio tumbo halipati habari. Wakaandika. Nikanogewa, nikaongeza kwamba asubuhi ya safari mtu asile chochote, tumbo lisilo na kitu litatapika nini?

Bonaventure hakuandika.

Jumanne, tarehe 16.

Meli inakwenda kweli. Mpango wa tatu: kupata ukweli bila kuonekana ninauuliza. Nilikwenda kwa Bonaventure nikamwambia kamati imenituma nimpime, kama anafaa kuwa msaidizi wangu. Alikuwa anafungua injini, hakuinua hata kichwa.

"Mwalimu, mi sina masomo. Lakini tumbo yenye iko bule ndiyo inasumbua mutu. Kula bugali kidogo, yenye kukauka. Kaa katikati, kule boti haichezi sana. Angalia milima ya mbali, usiangalie maji. Na jile ya kuelea, vaa mbele ya kuondoka. Usingoje mawimbi ikukumbushe."

Nikampa alama sita kwa kumi.

Akapangusa mikono akauliza, ukiingia Kigoma kwa meli, bandari inakuwa upande gani? Nikasema inategemea umekaa wapi.

"Ah bon," akasema.

Njiani nilipita kwenye milango ya watu wanne wa safari yetu. Ningeweza kubisha hodi, nikasema kuleni asubuhi, pamba tupeni, Bonaventure ana haki. Sikubisha.

Alhamisi, tarehe 18.

Dorothée amefunga mizigo. Amenunua pamba mafungu mawili. Ameshona jina langu ndani ya koti kwa uzi mwekundu, na chini yake neno "Msafiri". Alisema marehemu baba yake alikuwa akiwaambia wavuvi wenzake kwamba mkwe wake analijua ziwa kumshinda.

Nilikaa na lile koti magotini. Nimekata shauri. Nitamwambia kesho, mle melini, mahali ambapo hawezi kufunga kitenge akarudi Swima kwa kaka zake.

Jumamosi, tarehe 20. Kalemie.

Niko hai.

Jana tulipanda saa kumi na mbili asubuhi. Nilipita ubao wa kupandia macho yamefumbwa, nikamwambia Dorothée nasali. Nikakaa mbele kabisa, maana kiongozi hakai katikati. Bonaventure na Suzanne walikaa katikati, wakamega bugali yao iliyokauka.

Tulipoizunguka rasi ya Ubwari, upepo wa kusini ukatupokea. Karibu wote waliofunga kwa amri yangu wakaanza kutapika kwa zamu, kitenge kimoja, filimbi shingoni. Mimi niliwapita wote. Kisha moyo ukaruka pigo, ukaruka la pili. Nikaona ndio mwisho.

Nikamshika Dorothée mikono miwili nikaungama kwa sauti ya kushinda injini. Kigoma hapana. Mpulungu hapana. Ramani ya shule. Nilimdanganya baba yake kwa sababu nilimtaka yeye, na tangu hapo sikuona siku nzuri ya kuacha. Nililia. Alinitazama kwa upole, akanipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge, akatabasamu.

Nimesamehewa! Moyo ukatulia. Nililala kama mtoto mpaka Kalemie.

Bandarini akachomoa pamba sikio la kulia, halafu la kushoto.

"Baba Aline," akasema, "kule kwenye mawimbi ulisali sana. Ulikuwa unasema nini?"

Wenzake wote walikuwa wameitupa pamba tangu Ubwari. Yeye peke yake alishika shauri langu mpaka mwisho. Na hakutapika hata mara moja.

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nasali.

Jumatano, tarehe 24. Baraka.

Tumerudi. Leo Bonaventure amekuja na samaki. Alingoja Dorothée aende jikoni, kisha akasema alinisikia. Wote walinisikia, sauti yangu bado ni ya darasa la watoto sitini. Wamepatana hakuna atakayefungua mdomo.

"Ni kazi yako, Mwalimu. Mwambie we mwenyewe, pumzi ingali iko."

Nikamwambia ana haki. Mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nikajikaza, nikamwita Dorothée.

Alitoka amebeba kiti. Kilikuwa cha kumkalisha Mama Gentille, aliyekuwa nyuma yake. Yeye ni mjane, hakuwamo safarini, hajui kitu. Binti yake amemtumia tiketi ya ndege kwenda Kinshasa, na hajawahi kuiona ndege kwa ndani. Dorothée akamwambia amefika penyewe, mume wake ametupeleka Kalemie na kuturudisha sote wazima. Akanitazama kama alivyonitazama Swima mwaka 1974.

Bonaventure alikohoa.

Nilimwomba Mama Gentille atoe kalamu. Nikamwambia mwaka 1981, nilipopanda ndege kwenda Kinshasa, kitu kilichoniokoa kilikuwa pamba.